Dawa za Kinywa na Utomvu wa Mkonge

Katika magonjwa yasiyoua upesi wala kupona kabisa, upo mmoja ambao tabibu huutambua kwa kufunua shavu la mgonjwa na kulitazama kwa ndani. Huona hapo nyuzi nyeupe nyembamba zilizopandana kama jarife la mvuvi, zimetandazwa juu ya nyama nyekundu. Pengine nyuzi hizo ndizo dalili pekee, na mwenye nazo hajui kuwa anazo mpaka aambiwe. Lakini pengine nyama iliyo baina ya nyuzi huchubuka ikawa mbichi, ikawa kidonda. Na hapo ndipo chai ya moto, pilipili, ndimu, hata kaukau la mkate, hugeuka kuwa adhabu. Ugonjwa huo huitwa kwa jina la kitaalamu likeni planasi ya kinywa. Huwapata watu wazima kuliko watoto, na wanawake kuliko wanaume. Na hesabu zilizofanywa katika nchi mbalimbali zaonyesha kuwa katika kila watu mia, kadiri ya mmoja anao. Hauambukizi. Huweza kudumu miaka kumi, ishirini, na kuzidi. Chanzo chake cha kwanza hakijulikani, ila namna unavyofanya kazi yajulikana: chembe nyeupe za damu, ambazo wajibu wake ni kuulinda mwili, huukusanyikia utando wa kinywa na kuushambulia kana kwamba ni mgeni.

Insha hii haikusudii kuwafundisha matabibu kazi yao. Yakusudia kueleza historia ya swali moja: katika dawa zinazopakwa au kusukutuliwa kinywani kwa ajili ya ugonjwa huu, ipi iliyo bora kuliko nyingine? Swali laonekana jepesi, na mtu angedhani liliulizwa siku ile ile zilipopatikana dawa mbili. Sivyo. Kwa muda wa karibu miaka mia dawa zilitolewa moja baada ya moja bila yoyote kupimwa mbele ya mwenziwe. Na swali lilipoulizwa hatimaye, jibu lake lilikuwa gumu kwa sababu ambazo nyingi hazikutoka katika dawa bali katika kinywa chenyewe. Aidha, historia hii ina sehemu iliyopita katika mashamba ya Afrika Mashariki, nayo yastahili kukumbukwa na wasomaji wa Kiswahili kuliko inavyokumbukwa sasa.

Jina la ugonjwa lilitolewa mwaka 1869 na tabibu Mwingereza, Erasmus Wilson. Likeni ni kimea kile kinachoota kama ukoga juu ya magome ya miti na juu ya mawe. Naye aliviona vipele bapa vya ngozi za wagonjwa wake vinafanana nacho, kwa maana ugonjwa huu hushika ngozi pia, na wako wanaoupata kotekote. Wilson alikuwa mtu wa mali na wa mambo mengi. Ndiye aliyetoa kadiri ya pauni 10,000 ili mnara wa jiwe wa Misri uitwao Sindano ya Kleopatra uvutwe baharini kutoka Aleksandria mpaka London. Mabaharia sita walipotea katika safari hiyo mwaka 1877, na mwaka uliofuata jiwe likasimamishwa kando ya mto Thames, lilipo hata leo. Nyuzi nyeupe zenyewe hazichukui jina lake. Zaitwa mistari ya Wickham, kwa heshima ya Louis Wickham wa Paris, aliyezieleza mwaka 1895.

Kabla ya Wilson, bingwa wa magonjwa ya ngozi wa Vienna, Ferdinand Hebra, alikuwa ameeleza ugonjwa wa jamii hiyo, akautibu kwa arseniki. Arseniki ilikuwa sumu iliyotangulia kupata heshima ya dawa: Thomas Fowler wa Uingereza alitangaza maji yake ya arseniki mwaka 1786, na kwa zaidi ya miaka mia maji hayo yalinywewa kwa homa, kwa ngozi na kwa mengine mengi. Mwaka 1887 Jonathan Hutchinson aliwaonya wenziwe kuwa wagonjwa waliokunywa arseniki muda mrefu walikuwa wakiota saratani katika ngozi. Dawa haikuachwa kwa onyo hilo. Na waliokuwa na alama nyeupe mdomoni walikuwa na balaa ya pili, kwa kuwa kaswende nayo huacha alama nyeupe mdomoni. Aliyedhaniwa kuwa na kaswende alipewa zebaki, na zebaki ni katika vitu vinavyovimbisha ufizi na kutoboa utando wa kinywa kwa vidonda. Juu ya hayo, dawa za kupaka za siku zile zilikuwa aghalabu ni dawa za kuchoma: naitreti ya fedha ilisuguliwa juu ya kidonda cha kinywa mpaka pakafanya gamba.

Je, matabibu wale walikuwa wapumbavu? Hapana. Walidanganywa na tabia ya ugonjwa wenyewe, kwa kuwa una kupwa na kujaa. Mgonjwa huenda kwa tabibu siku maji yalipojaa, wakati maumivu yamemzidi. Hupewa chochote kile, na baada ya majuma kadhaa maji hupwa, kama ambavyo yangepwa bila ya dawa. Tabibu huandika katika daftari lake kuwa dawa imefaa. Yakijaa tena baada ya miezi sita, mgonjwa huenda kwa tabibu mwingine. Hivyo kila dawa hupata mashahidi wake wa kweli, wasiosema uongo hata kidogo, na ushahidi wao wote hauna thamani. Njia moja tu yaweza kuwaokoa watu katika mtego huo, nayo ni kuwagawanya wagonjwa kwa kura, hawa wapewe dawa hii na hawa dawa ile, au wapewe kitu kisicho na nguvu kilichofanana na dawa, wala mgonjwa wala tabibu asijue nani kapewa nini mpaka hesabu ifungwe. Njia hiyo haikuzoeleka katika udaktari ila baada ya vita vya pili vya dunia, na kwa magonjwa ya kinywa ilichelewa zaidi.

Hata hivyo, kabla ya kulinganisha dawa ilibidi ipatikane dawa ya kulinganishwa. Tarehe 21 Septemba 1948, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, Marekani, tabibu Philip Hench alimchoma sindano mwanamke mwenye umri wa miaka 29 aliyekuwa amelemazwa na baridi yabisi. Katika sindano mlikuwa na kitu ambacho mwenziwe, Edward Kendall, alikitenga kutoka katika tezi zikaazo juu ya mafigo, nacho baadaye kikaitwa kortisoni. Siku chache baadaye mgonjwa alitembea. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Basel walipewa tuzo ya Nobel. Dunia iliona kwa mara ya kwanza dawa iwezayo kutuliza ile ghadhabu ya mwili juu ya mwili, ambayo ndiyo asili ya likeni planasi pia.

Lakini kortisoni ilikuwa adimu kuliko dhahabu. Ilitengenezwa kutokana na nyongo ya ng'ombe, kwa hatua zaidi ya thelathini za kikemia, moja juu ya moja, na kila hatua ikipoteza sehemu ya mali. Wataalamu wakageukia mimea, na hapo ndipo Afrika ilipoingia.

Mmea wa kwanza uliotafutwa ulikuwa wa jamii ya strofanthasi, ambayo mbegu zake zilitumiwa na wawindaji wa Kiafrika kwa sumu ya mishale. Ulaya iliijua nguvu ya sumu hiyo kwa tukio la ajabu lililoandikwa katika habari za safari ya Livingstone ya mto Zambezi, kati ya miaka 1858 na 1863. Tabibu wa safari hiyo alikuwa John Kirk, yule yule aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja na kushiriki katika mapatano ya mwaka 1873 na Sayyid Barghash ya kufunga soko la watumwa. Kirk alikuwa amechukua kidogo cha sumu hiyo, iliyoitwa kombe, akaitia mfukoni, na mfukoni mlikuwa na mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu, asiutie maanani, kwani alizoea uchungu wa kwinini. Kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Kutokana na hayo mbegu za kombe zilipelekwa Ulaya, zikachunguzwa, zikawa dawa ya moyo. Nimekieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kina mafunzo mawili kwa habari yetu. Kwanza, ndicho kilichoujulisha udaktari wa Ulaya mmea ambao jamaa yake, strofanthasi sarmentosasi, alikuja kutafutwa kwa shauku barani Afrika mwaka 1949 kwa ajili ya kortisoni. Pili, chaonyesha kuwa utando wa kinywa si ukuta. Kiwekwacho kinywani, hata kwa uchache wa kubaki katika nywele za mswaki, chaweza kufika moyoni.

Strofanthasi haikutimiza ahadi. Mbegu zake hazikuwa na mali ile ile kila mahali, na mmea hulimwa kwa shida. Marekani ilipata njia yake katika kiazi kikuu cha mwitu cha Mexico, baada ya kugunduliwa mwaka 1952 kuwa kuvu, jamaa ya ile iotayo juu ya mkate, yaweza kufanya kwa siku moja kazi iliyowashinda wanakemia kwa hatua nyingi. Uingereza haikuwa na viazi vya Mexico. Ilikuwa na mkonge wa Tanganyika na Kenya.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo mashamba yalienea Tanga, Korogwe na Morogoro, hata Tanganyika ikawa ya kwanza duniani kwa katani. Mwaka 1964 ilitoa kadiri ya tani 230,000. Lakini katika uzito wa jani la mkonge, uzi ni kiasi cha sehemu nne au tano tu katika mia. Zilizobaki ni maji na makapi, na kwa miaka hamsini yalimwagwa karibu na viwanda, yakaoza, yakanuka. Mwaka 1951 wanakemia watatu wa Uingereza, Callow, Cornforth na Spensley, walitangaza kuwa katika maji hayo yaliyomwagwa mna hekojenini, kitu kiwezacho kugeuzwa kuwa kortisoni. (Cornforth alikuja kupata tuzo ya Nobel mwaka 1975, kwa kazi nyingine.) Siri yake ilikuwa mahali pa chembe moja ya oksijeni. Kortisoni haiwi kortisoni bila ya oksijeni katika kaboni ya kumi na moja, na mimea mingi haina kitu hapo wala karibu na hapo. Hekojenini inayo katika kaboni ya kumi na mbili. Kumhamisha mtu nyumba ya jirani ni rahisi kuliko kumleta kutoka ng'ambo.

Basi kampuni ya Glaxo ikaanza kutengeneza kortisoni, na baadaye betamethasoni iliyo na nguvu zaidi, kutokana na hekojenini ya mkonge wa Afrika Mashariki. Kila aliyewahi kuishi katika nchi ya mkonge ajua kuwa utomvu wa jani bichi huwasha. Uliwawasha mikono na mapaja wakataji, manamba walioletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Na ni utomvu huo uliokwenda Uingereza ukarudi duniani katika vichupa vya marhamu ya kutuliza mwasho. Katika hesabu za wenye mashamba haya yalikuwa faida ya taka. Sijui neno jingine la kuyaita katika hesabu za wakataji.

Mwaka 1952 Sulzberger na Witten wa New York walitangaza kuwa haidrokotisoni, ndugu wa kortisoni, ikipakwa juu ya ngozi huituliza. Kortisoni yenyewe ikipakwa haifai kitu, maana haina budi kupita katika ini ili ipate nguvu. Hivyo mlango wa dawa za kupaka ulifunguliwa, na matabibu wa kinywa wakauingia kwa haraka. Nao wakakutana mara moja na mate.

Ngozi ya mkono hupakwa jioni, ikabaki na dawa mpaka asubuhi. Kinywa hutoa mate nusu lita mpaka lita moja na nusu kila siku, ulimi haulali, chakula hupita mara tatu, na maneno hupita siku nzima. Marhamu ya ngozi ikipakwa shavuni kwa ndani huteleza ikamezwa kabla mwenyewe hajafunga kichupa. Mapema katika miaka ya 1960 ilianza kutumika marhamu ya triamsinoloni iliyochanganywa na jelatini, pektini na unga wa selulosi, vitu vinywavyo maji vikanata: mate yaliyokuwa adui yalifanywa kuwa gundi. Wengine walichukua njia nyingine. Mwaka 1968 Roderick Cawson wa London alieleza katika jarida la matabibu wa Uingereza matumizi ya vidonge vidogo vya betamethasoni vya kumung'unya, viyeyukavyo polepole mahali penye kidonda. Wengi wa wagonjwa wake walipata nafuu. Lakini hakuwa na kundi la kulinganisha nao, na yale niliyoyasema juu ya kupwa na kujaa yalimhusu yeye pia. Mwaka 1977 Tyldesley na Harding walikwenda hatua mbele: betamethasoni ya kupulizia iliwekwa mbele ya mpulizo usio na dawa, kwa siri ya pande zote mbili, na dawa ikashinda. Karibu miaka mia na kumi ilikuwa imepita tangu Wilson kuutaja ugonjwa.

Kufikia hapo dawa za jamii hii zilikuwa zimekuwa nyingi, na zilikwisha pangwa kwa daraja za nguvu. Ni vema msomaji ajue daraja hizo zilipatikanaje. Mwaka 1962 McKenzie na Stoughton walionyesha kuwa dawa hizi zikipakwa mkononi hufanya mishipa midogo ya damu ibane, ngozi ikapauka. Kadiri inavyopauka ndivyo dawa ilivyo na nguvu. Jaribio hili ni jepesi, la bei ndogo, na lenye akili. Kwa njia hiyo klobetasoli, iliyotoka mwaka 1973, ilijulikana kuwa juu ya zote. Lakini mikono iliyopimwa ilikuwa ya watu wazima wa afya, nayo ilikuwa mikavu. Daraja la mkononi lilichukuliwa likapelekwa kinywani bila kuulizwa pasipoti. Dawa ya daraja la chini iliyonata dakika ishirini yaweza kumfaa mgonjwa kuliko ya daraja la juu iliyomezwa kwa dakika mbili. Kwa hiyo anayelinganisha dawa mbili za kinywani hulinganisha pia magari yaliyozichukua, na mara nyingi hawezi kusema ni lipi lililoshinda. Kwa ufizi walibuni hata kibao laini kilichofinyangwa kwa umbo la meno ya mgonjwa, cha kuikandamiza dawa mahali pake.

Majaribio yalianza kuongezeka miaka ya 1990. Mwaka 1992 Thongprasom na wenziwe wa Bangkok walilinganisha fluosinoloni na triamsinoloni, na katika kazi hiyo walitoa kipimo cha daraja sita, kuanzia 0 kwa kinywa kisicho na alama mpaka 5 kwa kinywa chenye kidonda kipitacho sentimita mraba moja. Kipimo hicho kimesafiri kuliko dawa zilizopimwa nacho, na hata leo watafiti wa mabara yote hukitumia. Mwaka 1993 Uholanzi iliijaribu fluosinonidi yenye kunata kwa wagonjwa 40, mbele ya marhamu tupu, ikaonekana kuwa bora.

Wakati huo kundi jingine la dawa lilikuwa limefika, nalo lilitoka ardhini. Katika udongo uliochukuliwa mwaka 1969 katika uwanda wa Hardangervidda, Norwe, ilipatikana kuvu iliyotoa siklosporini, dawa iliyowawezesha watu kuishi na figo za watu wengine. Katika udongo wa Tsukuba, Japani, ilipatikana takrolimasi mwaka 1984. Zote mbili hunyamazisha chembe zile zile za damu zinazokishambulia kinywa. Mwaka 1990 Eisen na wenziwe wa Marekani waliwapa wagonjwa maji ya kusukutua ya siklosporini, wengine maji yasiyo na dawa, wote pamoja watu 16, na matokeo yakawa mazuri hata yakaleta msisimko. Lakini msisimko wa watu 16 hauna budi kupimwa. Mwaka 2006 matabibu wa nchi kadhaa za Asia walitangaza jaribio la wagonjwa 139, kubwa kwa ugonjwa huu, siklosporini mbele ya marhamu ya triamsinoloni iliyokuwa imetumika tangu miaka ya sitini. Siklosporini haikuizidi ile ya zamani. Nayo ni ghali mara nyingi, tena ladha yake haipendezi na husababisha mwako.

Takrolimasi ilikuwa na hoja yenye nguvu zaidi. Mwaka 2006 Uholanzi iliijaribu mbele ya triamsinoloni kwa wagonjwa 40, ikashinda. Ila wagonjwa wa pande zote mbili walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi michache baada ya kuacha. Mwaka 2008 jaribio la Italia la watu 32 lilisema takrolimasi yaishinda klobetasoli. Mwaka huo huo jaribio la Marekani la watu 30 lilisema zalingana, na la Uhindi la mwaka 2012 likakubaliana na la Marekani. Msomaji aulizaye nani mkweli hana budi kukumbuka kuwa kundi la watu kumi na tano ni dogo kiasi kwamba wagonjwa wawili wenye siku njema waweza kuligeuza. Tena mmoja alipima maumivu kwa mstari wa sentimita kumi, mwingine alipima upana wa kidonda, mwingine alitumia kipimo cha Bangkok. Anayejumlisha hayo ni kama ajumlishaye pishi za mchele na dhiraa za nguo.

Wala wagonjwa wenyewe si wa aina moja. Andreasen wa Denmark aliugawa ugonjwa mwaka 1968 katika sura sita, na jaribio moja hukusanya wenye nyuzi tupu, jingine wenye vidonda. Zipo tena alama zinazofanana na likeni planasi wala si yenyewe: za risasi ya zebaki iliyozibia jino, za mdalasini, za dawa nyingine anywazo mgonjwa. Mwaka 1980 wataalamu wa Uhindi walieleza alama za namna hii kwa watafunaji wa tambuu, mahali pale pale shavuni wanapohifadhi tonge. Watu wa mwambao wetu, ambako popoo, chokaa na tumbaku hazijatoka vinywani, wana haki ya kuuliza kama tabibu ameuliza juu ya tambuu kabla ya kuandika marhamu. Kwa sababu alama hizo zataka tambuu iachwe, si dawa.

Kazi ya kukusanya majaribio na kuyapima kwa mizani moja ilifanywa na shirika linalobeba jina la Archie Cochrane, tabibu aliyewalaumu wenziwe katika kitabu chake cha mwaka 1972 kwa kutumia dawa zisizothibitishwa. Ripoti ya mwaka 2011 ilikusanya majaribio 28. Ile ya mwaka 2020 juu ya dawa za jamii ya kortisoni ilikusanya 35, yenye wagonjwa 1,474. Hukumu yake ni ya unyonge: dawa hizo huenda zikapunguza maumivu kuliko kitu kisicho na dawa, lakini ushahidi ni dhaifu, na ni majaribio machache tu yaliyoweza kujibu swali hilo; takrolimasi huenda ikazishinda kwa maumivu, lakini ushahidi wa hilo ni dhaifu zaidi. Wako wanaoicheka hukumu hiyo, kwamba miaka sabini ya dawa imezaa "huenda." Mimi naiona kuwa neno la kwanza la haki lililosemwa juu ya jambo hili tangu siku za arseniki. Na bado ina upungufu ambao hautokani na waliohesabu. Majaribio mengi huchukua majuma manne au nane, na ugonjwa huchukua miaka ishirini. Kadiri ya mgonjwa mmoja katika mia, baada ya miaka, hupata saratani mahali pa alama. Hakuna marhamu iliyothibitishwa kulizuia hilo, na jaribio la majuma manane halina njia ya kulijua.

Basi tabibu afanyeje na huyo aliyekaa kitini na shavu limefunuliwa? Aghalabu huanza na ile iliyojaribiwa miaka mingi na isiyo ghali: marhamu yenye kunata kwa kidonda kimoja, maji ya kusukutua kwa vidonda vilivyoenea. Huchunga kuvu nyeupe, ambayo hupenda kinywa kilichozoea kortisoni. Takrolimasi huiweka akiba, kwa bei yake na kwa onyo juu ya saratani ambalo Marekani iliitaka iandikwe juu ya marhamu hiyo mwaka 2006. Katika hospitali nyingi za Uingereza mgonjwa hupewa kidonge cha betamethasoni cha nusu miligramu, dawa ile iliyoanza kutengenezwa kwa utomvu wa mkonge, akakiyeyusha katika maji kidogo, akasukutua dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kisha hutema. Maelekezo hukazia sana kwamba asimeze, kwa sababu ile ile iliyoyapunguza mapigo ya moyo wa Kirk.